Harufu ya Samaki kwenye Ukuta wa Baraza

Ngoie, mama yangu niliyekuzaa mwenyewe,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na baba yako amesinzia kwenye kiti, redio ya betri iko mapajani mwake ikizungumza peke yake. Courant, yaani umeme, imekatwa tangu mchana. Mtaa wetu wote wa Hewa Bora umetulia katika ile rangi ya jioni ambayo si mwanga na si giza, na moshi wa makala ya kupikia umepanda mpaka juu ya mabati ukasimama hapo, kama umesahau ulikokuwa unakwenda. Mtu anapita barabarani akicheka kwenye simu. Basi lako la Kolwezi linaondoka kesho asubuhi mapema, na mimi na wewe hatujasemezana vizuri tangu siku ile mlangoni mwa lupango, huu ua wetu. Nimechukua karatasi kwa sababu mdomo wangu unaujua, huwa unakimbia mbele yangu halafu mimi naufuata nyuma nikiokota ulivyoangusha.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Uisome ukirudi, usiibebe mpaka Kolwezi ikiwa imekunjwa, maana mwisho wake unahusu kesho.

Sitakuambia ule nini, uvae nini, wala ulale saa ngapi. Shangazi zako wamekwisha kukupa mashauri ya kujaza sanduku la pili. Mimi nataka kukuambia habari ya ukuta wetu wa baraza, ingawa unaijua kuliko mimi. Unaijua upande wako. Upande wangu sijausema kwa mtu.

Lakini kwanza lile neno, ili tusilizunguke. Siku uliponiambia kwamba karakana ya Kolwezi imekukubali, kwamba utajifunza kutengeneza magari ya umeme na mitambo ya kuyachajia, nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti kwamba ukienda kushika courant utaenda bila mkono wangu juu ya kichwa chako. Mama Furaha, jirani yetu, alikuwa anafagia mbele ya lango lake. Aliacha kufagia. Alilisikia lote.

Kwetu, watu tuliotoka kaskazini, neno kama hilo halipotei hewani. Tunasali misa, tunabatiza, na bado tunajua kwamba mtoto akisafiri na neno baya la mama mgongoni, hata mto mdogo unaweza kumshinda kuvuka. Na halirudishwi chumbani kwa kunong'onezana. Neno lililotoka mbele ya shahidi linarudi mbele ya shahidi yule yule, masikio yaliyolisikia yasikie pia likiondolewa. Hivyo ndivyo alivyonifundisha bibi yako, huyo uliyebeba jina lake. Sasa angalia mtego niliojitegea: shahidi wangu ni Mama Furaha, na Mama Furaha na mimi tulikuwa hatusalimiani tangu mvua zilipoanza, kwa ajili ya samaki ambaye hakuwapo.

Nianze na gari, maana bila gari tungeendelea kulala salama na ujinga wetu.

Lililetwa na mdogo wa baba yako juu ya lori, kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Gari dogo la umeme, jeupe, la mkono wa pili, lisilo na sauti. Siku ya kwanza nilipoliendesha katika vumbi letu mbuzi hawakuondoka njiani, kwa sababu hawakusikia kitu. Mimi niliyezoea kubeba watoto wa shule kwa lile gari la zamani, lililokohoa kila kona, nikajiona naelea. Wiki zile za kwanza niliota mara nyingi nimeshika usukani kwenye barabara ya Karavia, miti inapita pande zote mbili polepole, nyuma kuna watoto wamelala, na siendi popote. Niliamka nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Pamoja na gari ulikuja waya wa kuchajia, mnene na mweusi, wenye boksi katikati ukubwa wa mkate, na taa ndogo usoni. Taa ikiwa ya kijani na inapumua, gari linakula. Ikiwa nyekundu, limekataa. Nilipenda kukaa pale barazani nikiitazama ile kijani ikififia na kurudi. Nilikuwa nasahau kilichonitoa ndani.

Mwanzoni lilikataa kabisa. Wewe ndiye uliyetafuta maelezo yake kwenye simu ukaniambia linatafuta ardhi, yaani linataka waya unaoshuka udongoni, ili courant ikipotea njia ipate pa kwenda bila kupitia mwili wa mtu. Nikatoa fimbo ya shaba ya babu yako, tukaipigilia kando ya uzio, boksi likakubali. Kisha kiangazi kikaja, udongo ukakauka ukapasuka, na ile nyekundu ikarudi. Ukasema ardhi iliyokauka haipokei. Kila jioni ukawa unamwagia fimbo ndoo ya maji, mpaka tulipoongeza fimbo ya pili, ndefu zaidi. Mama Furaha akatuchungulia juu ya uzio.

"Mama Ngoie, ile kintu munamwangiliaka mayi kila siku, itazala matunda gani?"

"Itazala courant," nikamjibu.

"Basi ikiiva, munikatie kidogo."

Tulicheka sana, yeye akiwa kwake na mimi nikiwa kwangu. Wakati ule nilikuwa na jirani.

Sasa nije kwa babu yako. Baba yangu alikuwa mtu wa tanuru la shaba. Aliingia kiwandani akiwa kijana, akatoka na kikohozi na mapenzi makubwa ya shaba. "Mukuba haidanganyaka muntu," alikuwa akisema. Mukuba ndiyo shaba, na kwake yeye kila kitu kingine duniani kiliweza kudanganya. Alituachia bunda la waya wa shaba, mnene kama kidole kidogo cha mtoto. Kila mtoto wa mfanyakazi wa mgodi katika mji huu ana kipande cha shaba mahali fulani nyumbani, na hakuna anayeeleza vizuri kilifikaje. Mimi nilikua nikiliona bunda lile chini ya kitanda, liking'aa gizani, na nikiwa mdogo niliamini ndilo linalopasha nyumba joto.

Kabla ya gari, nilipotaka prise, tundu la kuchomekea, barazani kwa ajili ya pasi, nilitumia waya ule. Waya unaoingia nyumbani kutoka kwenye nguzo ni wa alumini, mwepesi, wa kijivu, na mimi niliudharau. Niliusokota pamoja na shaba ya baba yangu, nikakaza kwa koleo, nikafunga tepu, nikakificha kiungo kwenye kikopo cha plastiki ndani ya ukuta. Ukapigwa lipu juu yake. Nilijisifu wiki nzima. Nilimwambia baba yako kwamba hata nyumba ikianguka, kiungo kile kitabaki kimesimama.

Ulinieleza baadaye, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba madini hayo mawili hayapatani yakisokotwa hivyo. Unyevu ukiingia, alumini inaota unga, kiungo kinalegea, na courant ikilazimika kupita mahali palipolegea inapasha pale moto. Pasi haikuonyesha kitu, kwa sababu nguo zetu si nyingi. Gari ndilo linalokula saa nyingi mfululizo bila kupumzika. Lile boksi lilikuwa na kitu ndani ya kichwa chake cha kuchomeka kinachosikia joto, na kila joto lilipozidi lilijizima na kuwasha nyekundu. Lilikuwa linafanya kazi yake. Mimi nililiita boksi la woga.

Nilikuwa na majibu mengi, unakumbuka. Nilisema ni jua, nikatundika turubai. Nilisema ni kukosa hewa, nikaleta feni, na feni yenyewe nikaichomeka palepale. Nikabadilisha prise, na ile mpya ikaanza kuwa kahawia pembeni kama mkate; nikabadilisha tena, nikamlaumu muuzaji. Wewe ukaingia kwenye gari ukaliamuru liwe linakula polepole, lichukue courant kidogo kwa muda mrefu. Ukuta ukapoa, taa ikakaa kijani. Ungeweza kunionyesha kwa jambo hilo moja kwamba ugonjwa uko kwenye njia ya courant, si kwenye gari wala kwenye jua. Lakini asubuhi gari halikuwa limeshiba, watoto wa shule wananingoja, nikapandisha tena.

Kisha disjoncteur, ile swichi ya usalama karibu na compteur, mita ya umeme, ikaanza kujikata. Nikaleta kubwa zaidi. Ukaniambia, nakusikia mpaka leo:

"Mama, disjoncteur iko nachunga fil, ile waya. Haiko nachunga motokari. Ukitia ile ya mukubwa, fil njo itaungua, na yeye itaangalia tu."

Nikakuuliza, "Nani alizala mwenzake hapa?"

Ukanyamaza. Ngoie, ukinyamaza huwa unatazama chini kidogo, upande wa kushoto, na huo ni uso wa mama yangu kabisa. Kila nilipokunyamazisha wewe, nilikuwa namnyamazisha na yeye. Nilijua, na nikaendelea kusukuma vyombo mezani.

Halafu ikaja ile Jumapili. Tulikuwa tumerudi misani, mvua ilikuwa imepita, lupango inanuka udongo mtamu, na courant ilikuwa imerudi. Mtaa mzima ulikuwa umechomeka kila ulicho nacho. Nilichomeka gari. Nikalala barazani kwenye mkeka, nusu usingizi, taa ya kijani inapumua juu yangu, matone yanaanguka moja moja kutoka kwenye bati. Katika usingizi ule nikaanza kusikia harufu ya samaki. Nzito, ya samaki aliyekaa sana motoni. Ilikuwa imesikika siku nyingine pia, kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua inatoka wapi.

Niliamka na hasira ya mtu aliyekatiwa ndoto. Nikaenda kwenye uzio.

"Mama Furaha, ile samaki yako iko nafunga pua ya bantu. Leo ni siku ya Mungu."

Akatokea na mwiko mkononi. "Mama Ngoie, mie leo minapika sombe, majani ya muhogo. Samaki haiko kwangu."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Nikasema neno ambalo sitaliandika lote. Nilisema juu ya watu wanaotoka mbali na kutuletea harufu zao. Yule mama ametoka Butembo na wanawe, anauza maharage ya jumla, na mwaka uliopita baba yako alipougua yeye ndiye aliyekaa nasi hospitalini mpaka tukasahau kwamba si ndugu. Alinitazama, akashusha mwiko, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Angeupiga kwa nguvu ningelala vizuri siku ile.

Nilipogeuka, ulikuwa umeweka kiganja chako ukutani.

"Mama, haiko samaki. Ukuta iko moto."

"Ni njua."

"Njua haiko upande huu, mama."

Hukungoja nikuulize nani alizaa nani. Ulikwenda kwenye compteur ukakata kila kitu, ukapima kwa kile kifaa chako kwamba courant haipo, ukachukua bisibisi na patasi, ukafungua ukuta. Ndani tepu yangu ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami. Shaba ya baba yangu ilikuwa nyeusi. Ile alumini niliyoidharau ilikuwa imekuwa unga wa kijivu, na kikopo cha plastiki kilikuwa kimejikunja kikitoa ile harufu. Ukasema plastiki ya aina ile ikipata joto kali hunuka samaki. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimesimama uzioni namtukana mwenye nguo nyingine.

Hukusema zaidi. Lakini nilitazama lile tundu, kisha nikatazama dirisha lililo kando yake. Upande wa pili wa ukuta ule, Ngoie, ni kitanda chako. Kichwa chako kilikuwa kinalala hapo, upana wa tofali moja kutoka kwenye kiungo changu. Nilitaka kukukumbatia hapo hapo kwenye vumbi la lipu.

Badala yake nikasema, "Basi, utengeneze."

Ulitengeneza. Ulivuta waya mpya, mmoja, usiokatika, kutoka kwenye compteur mpaka barazani. Pale alumini inapokutana na shaba uliweka kiungo cha chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya yote mawili, kimepakwa grisi, ukakaza skrubu zake, na ukarudi baada ya muda kuzikaza tena. Ile disjoncteur yangu kubwa uliitoa ukaweka inayolingana na waya. Kisha ukachomeka gari, ukakaa kando, na kila mara ulikuwa unagusa ukuta, prise na kichwa cha waya kwa mgongo wa mkono, jinsi nilivyokuwa nakugusa paji la uso ulipokuwa na malaria. Taa ilipumua kijani mpaka courant ilipokwenda zake. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga bukari, ugali wetu, ambayo ilikuwa imekwisha kuiva.

Sikukuambia asante. Sikwenda kwa Mama Furaha. Nilikuwa najiambia nitakwenda kesho, halafu mvua ikanyesha, halafu alipita bila kunitazama nikasema basi, na yeye ana kiburi. Siku zikaota juu ya jambo lile kama majani.

Ndiyo maana uliponiletea habari ya Kolwezi, nilisema nilivyosema. Watu wamefikiri niliogopa umeme utakuua. Baba yako ndiye anayewaambia hivyo, ananifichia aibu. Mimi sikuogopa umeme. Ningeogopa nisingesokota ule waya. Nilichukia kuona kwamba utakwenda kufundishwa na kulipwa heshima kwa kujua kile kile ambacho mimi nilikukaripia kwa kukijua. Niliona mji mzima utajua kuhusu ukuta wangu. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo dogo zaidi na lenye uchungu zaidi, kwamba ukiondoka hakuna mtu atakayeweka kiganja ukutani humu ndani. Baba yako hasikii harufu hata ya viatu vyake.

Tangu siku ile nimekuwa naota ndoto moja. Ukuta wa baraza unapumua, unatoka na kurudi, polepole, kijani ikiwa ndani yake. Wewe ni mdogo, umevaa lile gauni la komunyo, umesimama ukiusikiliza kwa sikio. Nakuuliza unasema nini. Unaniwekea kidole mdomoni, nami nanyamaza, na katika ndoto kunyamaza kunanipendeza sana. Nikiamka nasikia gari moshi mbali, ng'ambo ya nyumba, na nabaki hivyo mpaka jogoo.

Leo mchana, ulipokuwa unafunga sanduku, uliniuliza kama kitambaa cha maua ni changu au chako. Nilisema chukua. Ukasema, "Aksanti, mama," kwa ile sauti ya mtu anayepokea kitu dukani. Ukaendelea kukunja. Nikasimama pale mlangoni nikaona kwamba unaweza kweli kuondoka hivyo, kwa adabu, bila kugombana, na hivyo ndivyo tutakavyokuwa mimi na wewe mpaka nife. Nikavaa ndala, nikaenda kwa Mama Furaha.

Alikuwa uani anachagua maharage kwenye ungo. Hakusimama. Alisukuma kigoda kwa mguu, nikakaa. Maharage yalikuwa yanacheza kwenye ungo, shaa, shaa. Niliwaza ningeweza kukaa pale mpaka jua lizame, bila kusema, na kurudi nyumbani nikijidanganya kwamba nimekwisha kusema.

"Samaki ilikuwa kwangu," nikamwambia. "Mu ukuta. Waya njo ilikuwa naungua."

"Najua. Ngoie alikuyaka kunielezea, ile siku ile ile."

Hukuniambia, Ngoie. Ulikwenda kuomba msamaha kwa niaba yangu ukarudi ukala bukari yangu iliyoungua, kimya.

"Juu ya nini hukunisemesha?" nikamuuliza.

"Mie nilikuwa nangoya weye. Mutoto hawezi kulipa kinywa ya mama yake." Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Na haikuwa samaki iliniuma. Ni ile ya bantu ba mbali. Mama Ngoie, bwana yangu mie nilimuzika mu udongo ya hapa. Sasa mbali yangu iko wapi?"

Nililia, nakuambia ukweli, nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha mtu niliyemtukana, na yeye akaendelea kuchagua maharage akinipa nafasi ya kulia vizuri. Nilipomaliza nikamwambia habari ya neno la mlangoni, ingawa alikuwa analijua, na kwamba ninamhitaji asimame tena alipokuwa amesimama.

Alifikiri. Kisha akasema, "Nitakuya. Lakini sikiliza. Ile siku ulilalamika mupaka bantu ba barabara banasimama. Kesho utasema na sauti ile ile. Usikuye kuninong'onea pale kama muntu anaungama."

"Saa ile bantu bote banalala."

"Wataamuka," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nikayaona meno yake.

Kwa hiyo, mwanangu. Nimekwisha kuloweka pemba, udongo mweupe wa baraka, ile halisi aliyoniletea shangazi yako kutoka kaskazini, iko kwenye kibakuli chini ya meza. Nitakupaka kwenye paji la uso na kifuani, nitaweka na ishara ya msalaba juu yake ili kila upande wa watu wetu uridhike. Padri akikukuta barabarani na asipopenda, mwambie ni poda.

Neno moja la njiani, kisha nakuacha. Huko utafungua kuta za watu. Utakuta ndani viungo vilivyosokotwa na mama fulani, kwa koleo, kwa upendo na ujinga, na tepu nyingi. Usicheke mbele yake. Mwonyeshe polepole, kama ulivyonionyesha. Na siku ukiwa bingwa, wakikuita kutoka mbali, akija mtu mdogo akakuambia ukuta una moto, nenda ukauguse kwanza. Mimi nilikuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani mwangu nikamwona ni msumbufu.

Nakupenda, Ngoie. Nilifikiri unajua, lakini nilifikiri pia kwamba kiungo kile kitasimama hata nyumba ikianguka, kwa hiyo sasa naandika.

Kesho ukiamka usifunge kitambaa. Utoke na kichwa wazi mpaka langoni. Mama Furaha atakuwa amesimama mbele ya kwake, na mimi nitaweka mikono yote miwili juu ya kichwa chako na kupaza sauti mpaka mbwa wa Hewa Bora wabweke na madirisha yafunguliwe. Usinitazame kwa haya, usiniambie nishushe sauti. Wote walionisikia siku ile wanapaswa kunisikia nikisema kwamba umetoka kwangu, na kwamba unaenda na mimi.

Ni mimi niliyepata jina langu siku uliyozaliwa,

Mama Ngoie